Nikah yenu ni halali. Karatasi yenu iko wapi?



Mmezoea kusoma hapa habari za vijana waliochukuliwa usiku na magari yasiyo na namba, na kesi zinazoahirishwa mpaka mashahidi wanachoka. Leo tunaongea ndoa. Wale ambao hamjaoa wala kuolewa msipite haraka, nyinyi ndio tunawalenga zaidi, manake bado mna nafasi ya kufanya mambo sawa tangu siku ya kwanza.

Mwezi uliopita alikuja ofisini dada mmoja baada ya swala ya maghrib, amebeba bahasha ya kaki. Amezaliwa Unguja. Miaka tisa iliyopita aliolewa na kaka wa hapa hapa Mombasa, nikah ikasomwa msikitini, pilau ikaliwa, dua ikaombwa, watu wakaenda zao. Wana watoto watatu. Ndani ya bahasha mlikuwa na pasipoti ya Tanzania iliyokwisha muda, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Juu yake jina la bwana harusi, jina la bibi harusi, mahari, mashahidi wawili, sahihi ya sheikh. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndoa yake.

Miezi miwili kabla ya kuja kwetu alikuwa amepewa talaka. Hilo ni lao, hatuliingilii. Lakini eda ilipokuwa haijaisha, akaanza kuambiwa na watu wa nyumba ile kwamba arudi kwao, na watoto wabaki kwa sababu "wao ni Wakenya". Alitueleza yote bila kulia, kisha akauliza: "Miaka tisa yote hii hapa, mimi nilikuwa nani?"

Jibu la kisheria ni chungu. Alikuwa mgeni. Na kilichotuuma zaidi ni kwamba miaka miwili nyuma, kama kuna mtu angemwambia na mumewe angekubali kuandika barua moja, angeweza kuomba uraia wa Kenya na kuupata kama haki yake.

Kwanza lile la watoto tulimalize, kwa sababu linatumika kutisha kina mama wengi. Watoto wake ni raia wa Kenya, kweli. Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema ukizaliwa na baba au mama Mkenya, wewe ni raia wa kuzaliwa, haidhuru umezaliwa Mombasa au Muscat. Lakini hakuna sheria inayosema mama asiye raia hana haki ya kukaa na wanawe. Kifungu cha 53 kinasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Pasipoti ya mama haiamui malezi. Anayekwambia vinginevyo anakutisha, mwambie mkutane mahakamani.

Sasa turudi kwa uraia wenyewe.

Kifungu cha 15 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu aliyeoana na raia kwa muda usiopungua miaka 7 ana haki, akiomba, kusajiliwa kuwa raia. Someni tena hilo neno: ana haki. Haikuandikwa "anaweza kufikiriwa", wala "ofisa akipenda". Na haikutaja mke peke yake. Imesema mtu.

Wengi wetu tulikuwa shule ya msingi wakati ule, kwa hivyo hatujui palivyokuwa kabla. Chini ya katiba ya zamani, mwanamume Mkenya akioa mgeni, mke yule aliweza kuomba kusajiliwa kwa sababu ya ndoa bila kungoja miaka yoyote. Mwanamke Mkenya akiolewa na mgeni, mumewe hakupata kitu kwa ndoa ile. Na mtoto wake akizaliwa nje ya nchi, hakuwa Mkenya kwa damu ya mama. Kaulizeni bibi zenu Mji wa Kale, Lamu na Malindi: kina mama walioolewa na watu wa Hadhramaut, Ngazija, Tanga, waume wao wakaishi hapa miaka thelathini wakilipia pasi kila mwaka, wakazikwa hapa wakiwa wageni. Mwaka 2010 mjadala wetu Waislamu ulikuwa mahakama za kadhi, na tulikuwa na sababu, manake kulikuwa na watu waliotaka zitolewe kabisa. Lakini katika kelele ile hatukuona vizuri kwamba dada zetu walikuwa wamepewa kitu kikubwa. Kifungu cha 13 kikaongeza na hili: uraia haupotei kwa kuolewa wala kwa kuachika. Dada Mkenya ukiolewa na Mganda au Mturuki, uraia wako uko pale pale. Na mgeni akishasajiliwa kuwa raia kwa njia ya ndoa, talaka ya kesho haimvui.

Ndiyo maana tunasema dada yule alichelewa kwa miaka miwili. Karatasi ile angeipata akiwa bado mke, isingeondoka na mume.

Masharti yenyewe yako kwenye Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, sehemu ya 11. Ndoa iwe imefungwa kwa mfumo wa sheria unaotambuliwa Kenya, hata kama ilifungwa nje ya nchi. Isiwe imebatilishwa na mahakama. Mwombaji asiwe amefukuzwa nchini au kutangazwa kuwa mtu asiyetakiwa kuingia. Asiwe amehukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Ndoa isiwe ilifungwa kwa ajili ya kutafuta uraia au vibali. Na wanandoa wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba.

Hilo la mwisho lina watu wetu wengi ndani yake. Ni vijana wangapi wa Pwani wako Doha, Jeddah na Dubai, wake zao wako Kisauni na Likoni? Ndoa ni nzima, pesa zinakuja kila mwezi, lakini ofisa akiuliza "mnaishi pamoja?" mama anababaika. Ushauri wetu: panga ombi lifanywe mume akiwa amerudi likizo, mwende wawili. Wekeni ushahidi kwamba nyumba ni moja: risiti za pesa anazotuma, tiketi za safari zake, mkataba wa nyumba wenye majina yenu, karatasi za shule za watoto. Msikae kungoja arudi kabisa. Mikataba ya Ghuba tunaijua, "mwaka mmoja tu" huwa sita.

Halafu kuna jambo ambalo karibu kila mtu tukimwambia anashangaa. Miaka 7 ni ya uraia. Ukaazi wa kudumu ni miaka 3. Sheria hiyo hiyo, sehemu ya 37, inamtaja mke au mume wa raia aliyeoana naye kwa miaka isiyopungua 3 kuwa mmoja wa wanaostahili kuomba ukaazi wa kudumu. Maana yake huna haja ya kukaa miaka 7 ukikwepa askari. Mnapooana unaomba pasi ya mtegemezi kupitia kwa mwenzako Mkenya. Hiyo inakupa ukaaji halali lakini haikupi ruhusa ya kuajiriwa. Ikifika miaka mitatu unaomba ukaazi wa kudumu, unakaa na kufanya kazi bila kurudi kila mara kuomba kibali kipya. Ikifika saba unaomba uraia ukiwa na rekodi safi mkononi. Maombi siku hizi yanaanzia kwenye mtandao, kwenye eCitizen upande wa huduma za wageni. Huhitaji kupanda basi la usiku hadi Nyayo House kwa ajili ya kuuliza tu. Na huhitaji dalali. Yule anayesimama nje na bahasha akisema "mimi najuana na mkubwa", mpite.

Dada yetu hakufanya lolote kati ya haya. Alikuwa akigongesha muhuri Lunga Lunga. Watu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanapewa mpaka miezi sita kama wageni, kwa hivyo anatoka mpakani, anaingia tena, maisha yanaendelea. Akapata mimba ya pili akaacha kwenda. Pasipoti ikaisha. Kuanzia hapo hakuwa mgeni wa kawaida tena, alikuwa mtu aliye nchini bila ruhusa, na hilo ni kosa ambalo sheria imeliwekea faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Mama wa watoto watatu, anauza vitumbua, anaishi na kosa la namna hiyo kichwani, na hajui. Wale waliokuwa Eastleigh Aprili 2014 wanakumbuka uwanja wa Kasarani. Siku kama ile ikija tena, askari hatauliza kama nikah yako ilikuwa na mashahidi wawili.

Tumelaumu serikali mara nyingi hapa na bado tutailaumu, hata leo. Lakini kuna sehemu yetu wenyewe.

Masheikh wetu, tunawaheshimu na mikono yenu tunaibusu, ila hili la daftari lazima lisemwe. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua nikah sawasawa na ndoa ya kanisani au ya serikali. Inasema ndoa ya Kiislamu ifungishwe na kadhi, sheikh au imamu aliyeidhinishwa na msajili, na huyo aliyefungisha anatakiwa aandike rekodi, awape wanandoa cheti, na apeleke rekodi kwa msajili. Kwenye mitaa mingi kinachofanyika ni khutba nzuri, ijab na kabul, halafu karatasi ya daftari au hakuna kitu. Sheikh akifa, daftari linabaki kwa wajukuu, wanachorea gari. Nikah ile mbele ya Allah ni sahihi, hatuna shaka. Lakini ofisa wa uhamiaji hana njia ya kuiona. Anachohesabu ni miaka 7 kutoka tarehe iliyo kwenye cheti anachoweza kukithibitisha. Kama umeozesha watu mwaka jana na hukuidhinishwa au hukupeleka rekodi, wapigie simu leo, wapeleke kwa kadhi. Usione haya. Kuna sheikh mmoja wa Majengo amefanya hivyo kwa ndoa zake zote za miaka mitano, ameandika orodha mwenyewe, Allah amlipe.

Na wewe uliyefunga nikah bila cheti, mahakama ya kadhi inaweza kusikiza na kuthibitisha ndoa yenu. Nendeni na mashahidi wangali hai. Dada yetu shahidi mmoja yuko Kilindini, wa pili alifariki. Walii wake aliyetoka Unguja ndiye aliyesaidia. Tazameni pia tarehe inayoandikwa: hakikisheni rekodi inaonyesha siku ya nikah na siyo siku mliyokuja kusajili, manake tofauti yake inaweza kuwa miaka. Ila msidanganye tarehe. Kifungu cha 17 kinaruhusu uraia wa kusajiliwa kufutwa ukipatikana kwa ulaghai au kwa kuficha ukweli, na hakisemi baada ya muda fulani umesamehewa. Miaka miwili ya haraka haistahili maisha yote ya wasiwasi.

Sasa kwa kaka zetu. Hapa najua nitatukanwa kwenye maoni, lakini haidhuru.

Kaka waliooa dada kutoka Tanzania, Somalia, Ethiopia, Uganda, Yemen, wengi wao ni watu wema wasiojua utaratibu. Lakini wapo wanaojua, na wanakaa kimya makusudi. Tumewasikia kwa masikio yetu: "Akipata kitambulisho ataanza kiburi." "Akiwa raia atanishtaki." Maana yake ni nini? Maana yake unaiweka barua yako ya kumwombea uraia kama kamba shingoni mwa mke wako. Ombi linahitaji ushirikiano wako, kitambulisho chako na sahihi yako, na wewe unajua hawezi bila hivyo. Akikosea kupika unamkumbusha mpaka uko wapi. Hiyo si kiwaamu, huo ni udhalimu, na haubadiliki jina kwa sababu umefanywa ndani ya nyumba ya Kiislamu. Hatuwezi kuandamana Ijumaa kwamba serikali inawanyima Waislamu vitambulisho, halafu Jumamosi tunamnyima mke wetu kile kile.

Wazazi wa bibi harusi, na hasa mawalii: mnauliza mahari, mnauliza nyumba, mnauliza ukoo. Ulizeni na hili. Siku ya posa, mbele ya watu, bwana harusi aseme atasajili ndoa lini, na pasi ya mke ataombea lini. Inaweza kuwekwa kuwa sharti kwenye mkataba wa nikah. Masharti halali kwenye nikah tunayajua, hayakuanza leo.

Kwa dada Mkenya mwenye mume mgeni, shida ni nyingine. Huko mlango uko wazi kisheria lakini mtaani anatazamwa kama mwizi. Mume akiwa Mzungu anaitwa mwekezaji. Akiwa Msomali wa Kismayu au Myemeni wa Mukalla, mkewe anaulizwa maswali ambayo mwenzake hakuulizwa: mlikutana wapi, nani aliwalipia harusi, ndugu zake wanafanya nini. Maswali ya kuhakikisha ndoa ni ya kweli yako kwenye sheria, hatuyakatai. Tunakataa yakiulizwa kwa watu wa dini moja na sura moja. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, kikataja dini, kabila na hali ya ndoa kwa majina. Andikeni tarehe, saa, namba ya dirisha na maneno aliyosema ofisa. Bila hayo, malalamiko yenu ni hadithi tu.

Na ndoa za makaratasi zipo, tusijidanganye. Kuna vijana wamelipwa kusaini ndoa na watu wasiowajua. Ukiombwa hivyo, kataa, hata kama ni jamaa. Kisheria ombi halipiti, na kila kesi ya namna hiyo inayogunduliwa inakuwa kisingizio cha kumsumbua mume halali wa dada yako.

Serikali nayo. Februari 2025 Rais William Ruto alikwenda Wajir akatangaza mwisho wa ule uchujaji wa vitambulisho kwa watu wa kaunti za mpakani. Kabla yake tuliona Wamakonde wa Kwale wakitembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai uraia, na mwaka 2023 Wapemba wa Pwani nao wakatambuliwa. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini ukiangalia vizuri, mambo yale yote yalikuja kama zawadi jukwaani, baada ya watu kungoja vizazi. Mume au mke wa raia hangoji zawadi. Yeye Katiba imeshampa haki. Anachongoja ni mtu mezani afungue faili lake.

Kwa hivyo faili likilala, mna njia. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu, kila mtu na siyo raia tu, haki ya kuhudumiwa na ofisi za serikali kwa haraka na kwa haki, na kuandikiwa sababu uamuzi ukimwumiza. Ukiambiwa kwa mdomo "limekataliwa", hujakataliwa bado. Omba barua. Pia ipo Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inataka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Hapa pana mtego mdogo: haki hiyo ni ya raia. Kwa hivyo barua ya kuuliza "ombi letu limefika wapi" iandikwe na isainiwe na yule mwenzako Mkenya, pamoja na idhini ya mwombaji. Tumeona barua nzuri sana ikiandikwa na mke mgeni ambaye sheria ile haimtambui, na muda ukapotea. Siku 21 zikipita kimya, Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile ya Ombudsman, inapokea malalamiko bila malipo.

Kitu tunachokidai na ambacho hakimo kwenye sheria bado ni hali ya dada yetu huyu. Sehemu ya 12 imemkumbuka mjane: mwenzako akifariki, mlango haufungwi papo hapo. Aliyeachwa hakukumbukwa. Mama ameishi na raia miaka tisa, amezaa raia watatu, akipewa talaka kabla hajaomba anarudi sifuri, labda aanze njia ya mtu aliyekaa nchini kihalali miaka 7 mfululizo, ambayo kwake haipo kwa sababu muhuri ulikwisha. Wabunge wetu wa Pwani na Kaskazini Mashariki wanatutembelea misikitini kila Ramadhani. Ramadhani ijayo waulizwe: mama wa watoto Wakenya, aliyeachwa, mtamwekea nini kwenye sheria? Asijibiwe kwa futari.

Jambo moja zaidi kabla hujaenda kuapa. Uliza kwanza nchi yako inasemaje. Tanzania kwa jumla haikubali uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, na Ethiopia nayo vilevile. Kuna mtu ana shamba la urithi kule, ana wazazi wazee. Huenda kwake ukaazi wa kudumu unatosha na uraia si lazima. Hilo ni la mwenyewe kuamua akiwa na habari kamili, na mumewe au mkewe asimwamulie.

Dada yetu alifika wapi? Mahakama ya kadhi imeithibitisha ndoa ile na talaka yake, kwa hivyo sasa anaweza kudai matumizi ya eda na ya watoto kwa karatasi yenye muhuri. Pasipoti mpya ameshaomba. Wakili wetu wa kujitolea yuko naye kwenye suala la ukaaji, na tumemwambia ukweli kwamba uraia kwa njia ya ndoa haupo tena. Watoto wako naye.

Kuanzia Jumamosi hii baada ya swala ya laasiri tutaweka meza ofisini kwa ajili ya wanandoa wenye mmoja asiye raia. Njooni wawili. Leteni pasipoti hata kama imekwisha, kitambulisho cha Mkenya, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na chochote mlichopewa siku ya nikah, hata kama ni karatasi ya daftari. Mlio Garissa, Eastleigh na Lamu tuandikieni kwa ujumbe wa faragha, msiweke majina wala picha za pasipoti kwenye maoni. Hakuna malipo. Mtakapofika mlangoni mtamkuta dada mmoja anawapanga kwenye foleni na kuwaandika majina. Ni yeye, ameomba mwenyewe.